Shimo, Mtaa wa Mapendo

Ndoole huchimba choo kwa kipimo:
dola thelathini mita moja ya jiwe,
dola tano mita ya udongo.
"Udongo," anasema, "sijauona tangu Pasaka."

Siku ya kwanza alivunja ngozi ya juu,
ile nyepesi yenye matundu kama mkate,
inayokula visigino na magurudumu ya chukudu.
Siku ya pili, ya tatu, ya nne,
akaingia nyama ya katikati:
ya bluu, nzito, imeshikana,
nyundo inarudi usoni kama jibu la mkwe.
Cheche. Harufu ya baruti.
Kahindo, mke wangu, anahesabu kwa sauti,
wala si siku.

Mimi najua kilicho chini.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
mlima ulipopasuka ubavuni, mwezi wa kwanza,
ukashuka mjini kwa mguu,
polepole, kama mgeni anayejua atapishwa.
Mama alibeba godoro, na sufuria ya maharage yanayochemka bado.
Tulipofika njia panda akanirudisha:
kafunge mlango.
Nikafunga.
Ufunguo ninao, umo kwenye kopo la misumari.
Mlango uko mita mbili chini ya kitanda changu.

Tuliporudi kutoka Gisenyi kiwanja kilikuwa bado kinapumua.
Tulichemsha chai juu ya ufa, bila makala.
Baba alihesabu hatua kutoka ukuta wa kanisa uliobaki,
akasimama, akasema, sebule hii hapa,
tukajenga sebule juu ya sebule.
Wengine hurithishana upana wa shamba.
Sisi twarithishana kimo.

Siku ya sita nyundo ikabadili sauti.
"Mwenye nyumba, njoo usikie. Pako tupu."

Tundu la mviringo,
pana kama kifua cha mtu mzima,
limesimama wima ndani ya jiwe.
"Mti huu," akasema Ndoole. "Nimeshaiona mingi.
Maji ya shina hulipoza jiwe kwanza,
jiwe likagandia pale pale, ndipo shina likaungua.
Mti unakwenda. Nguo yake inabaki."

Nikalala kifudifudi, nikatia mkono hadi begani.
Magamba. Mistari ya gome, mikavu, yenye makali.
Na pale waya wa kuanikia nguo ulipolikaba shina
miaka yote ile, mfereji umekuwa tuta:
kila kitu kinyume,
hakuna kilichokosewa.
Nilipapasa mara mbili, tatu.
Mparachichi wa mama. Upande wa jikoni.
Baba alikosea hatua nne.

Ndoole alikuwa keshapiga hesabu.
"Mita mbili umepewa bure. Nakupunguzia arobaini,
choo chako nusu tayari."
Kahindo akashukuru kabla sijafumbua mdomo.

Hapana, nikasema.
Hapana nini?
Si hapa.
"Kwa hiyo tutajisaidia wapi," akauliza, "kwenye kumbukumbu?"
na Ndoole akageuka kutazama ndege ya mizigo
iliyokuwa ikitua kwa muda mrefu sana.

Jioni alishusha kibatari kwa kamba, kupima mazuku,
pumzi ile isiyo na rangi wala harufu
inayolala mashimoni ikingoja mbuzi.
Taa ikashuka: gome, gome, alama ya waya, gome,
kisha chini kabisa kitu chekundu,
udongo uliookwa ukawa tofali,
uwanja wetu, ule niliokuwa nikiufagia.
Nimeuona kwa muda wa kuhesabu mbili.
Taa ikazimika. Hapakuwa na upepo.

"Basi," akasema Ndoole, akikunja kamba,
"humu haingii mtu, hata kwa hamsini."

Amechora msalaba wa chaki hatua tatu kando.
Kesho anaanza upya, ngozi ya juu, bei ile ile.
Kahindo hajasema nami tangu Jumatano.
Lakini asubuhi nimekuta tundu limefunikwa bati,
na juu ya bati jiwe moja,
la bluu, zito, la nyama ya katikati.
Amelichagua mwenyewe.