Ubavu wa Kushoto

Kijana wa bima, Mtaa wa Lumumba,
aliuliza umri kama anayeuliza bei.
Sabini na moja, nikasema. Baba huyu, sabini na nne.
Akagonga kikokotoo, akagonga tena,
akakigeuza tusome wenyewe,
kwa adabu, kama mtu anayefunua kidonda.

Nilikuwa sista Maweni miaka thelathini na mitatu.
Vidonda nimefunua mimi.

“Magonjwa yaliyokuwapo kabla ya safari?”
Kabla ya safari ipi, mwanangu?
Presha ilikuja na kiinua mgongo,
miezi kumi na tisa ya njoo kesho.
Sukari ya Ntahondi ilianzia Uvinza, akiwa bwana steshini,
vijiko vinne kwa kikombe
akingoja treni ya jana.
Kisanduku cha fomu kilikuwa kidogo.
Akaandika: Ndiyo.
Hiyo Ndiyo ikapandisha bei.

Ntahondi akanivuta mlangoni.
“Kwa hela hii tunajaza tangi kwenda na kurudi,
na chenji ya kitenge cha Melania.
Kadi si tunayo?” Akapiga mfuko wa shati.

Kadi tunayo. Ya taifa.
Pichani nimekunja uso kama nimeumwa na siafu.

Tuliondoka na Korola alfajiri,
insulini ndani ya chupa ya chai,
imezungushiwa barafu ya wauza migebuka wa Kibirizi.
Gari likanuka samaki mpaka Manyovu.

Manyovu: muhuri, muhuri,
kibastola cha kupimia homa kwenye paji la uso,
kisha afisa: “Mzee, kuanzia hapa unashika kulia.”
Ntahondi ameshika kushoto maisha yake yote.
Akahama polepole, kama behewa linalobadilishiwa njia,
midomo ikihesabu.
Mimi nikajigusa kifuani.
Moyo ulikuwa bado kushoto.
Wenyewe haukuambiwa.

Uliambiwa Rumonge.
Kisogo kikaanza kutwanga. Ziwa likawa mawili.
Nikajifunga mashine yangu mwenyewe:
mia mbili na kumi, kwa mia na ishirini na tano.
Namba hizo nimeziandika kwa wino mwekundu
katika mafaili ya watu.
Sikujua kama zina sauti.

Binti wa dirishani alikuwa mpole.
Akaitazama kadi mbele, akaitazama nyuma,
akairudisha kwa mikono miwili
kama unavyorudisha sahani ya jirani
siku ambayo huna cha kutia.
“Faranga, mama. Kwanza.”

Ntahondi akafungua buti.
Madumu mawili ya mawese ya Simbo.
Nani ananunua mawese Rumonge?
Wakacheka. Akacheka nao, meno tu.
Chini ya madumu, tairi la akiba,
jipya, bado lina vinyweleo vya mpira.
Hilo hawakulicheka.

Nililala siku mbili juu ya tairi.
Dripu ikidondoka, nikamhesabia sista kijana matone.
“Mama,” akasema, “leo wewe ni mgonjwa.”
Nikanyamaza.
Neno hilo nimelitamka mara ngapi, nimesimama,
viatu vyeupe miguuni.

Bujumbura tulifika. Mjukuu akanikojolea. Heri tupu.

Kurudi, kila shimo tuliliamkia shikamoo.
Manyovu tukahamia tena kushoto
na kadi ikafufuka mfukoni, bila aibu.
Kalinzi akasimamisha gari.
Akashuka, akalizunguka,
akapiga teke tairi moja, la pili, la tatu, la nne,
akabaki amesimama nyuma ya buti
pale ambapo angelipiga la tano.

Aliporudi kwenye usukani hakunitazama.
“Yule kijana wa Lumumba,” akasema,
“anafunga saa ngapi?”

Nilitazama saa.
Sikumjibu mpaka Mwandiga.