Mlango wa Nyuma

Musau, binti wa Katuba, alikuja na bomba la bati,
akalifunga mgongoni mwa kiyoyozi cha makumbusho,
akalirudisha ukumbini kupitia dirishani.
"Joto mnalotupa nje," akasema, "leo lipokeeni."

Wakubwa wakaingia na tai zao,
wakatoka wakijipepea kwa kadi za mwaliko:
kazi nzito, kazi nzito.

Mimi sikuingia.
Joto lile nalijua. Miaka kumi na mmoja
limenipumulia shingoni
ili vinyago vya ndani visipasuke.
Shati langu naanika hapo.
Na maji yake, tone, tone,
yalinioteshea matembele ya kulia bukari.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Bomba likakata roho.
Msalaba wa shaba wa wazee wetu
ukabaki kiooni mwake, gizani,
haudai baridi, haudai taa.
Kule ng'ambo migodi inawaka.

Musau akatoka na tochi.
"Baba Kyungu, umeionaje?"
Nikamulika tuta langu ukutani:
siku tano bila tone, majani yamelala.
Joto chukua lote, mwanangu.
Maji yangu umeyapeleka wapi?