Tisini na Tisa

Kishikwambi walichonipa kina safu mbili:
kushoto Washihiri, kulia Wanyamwezi,
katikati mstari mweupe kama chaki ya fundi cherehani.
Nalipwa kwa kaya. Nauli juu yangu.
"Tunataka kujua," alituambia bwana wa semina kule Chake,
"kwa nini hawa wamefika na hawa hawajafika."
Hakusema wapi.

Nikaanzia Limbani, dukani kwa kina Bawazir.
Paa la bati? Ndiyo. Vigae? Ndiyo.
Friji mbili. Gari moja, linakohoa.
Waliomaliza chuo, watatu,
mmoja anang'oa watu meno Maskati.
Mzee Faraj anajibu huku anapima mchele,
hataki kumpunja mteja, hataki kunipunja mimi.
"Babu yetu alikuja hapa akiuza maji kwa debe,
mgongo ukapinda kama ndoana.
Alilala juu ya magunia ya watu. Andika hilo."
Natafuta pa kuliandika. Hapana.

Kisha akavuta droo, akanitolea daftari,
kurasa zimekuwa rangi ya chai:
binamu wa Mombasa kamkopesha shangazi wa Mkoani,
shangazi kamkopesha mjomba,
mjomba kafungua duka, kamwita mpwa.
Deni limezunguka miaka sitini
hakuna aliyelimaliza
na kila aliyeligusa amejenga.

Nikashuka bondeni, ng'ambo ya mpunga.
Paa la makuti. Sakafu udongo.
Redio moja, haina betri.
Waliomaliza chuo: sufuri. Aliyeanza: mmoja, karudi.
Mihayo ana vidole vyeusi, anachuma karafuu kwa pishi,
juu ya mti wa mtu, ngazi ya mtu.
Babu yake aliletwa kupalilia.
"Usiandike hakuwa akipata," ananionya.
"Alipata. Kila msimu alituma Tabora fedha za ng'ombe.
Wakazaa, wakazaliana, wakawa zizi zima,
naye kafa hapa hapa
hajaonja maziwa ya hata mmoja.
Mali yetu ipo, dada," akacheka,
"imekwenda malishoni."

Swali la thelathini na moja: mifugo mnayomiliki?
Sufuri, nikabonyeza.
Sufuri ile ilikuwa na pembe.

Njiani nikakumbuka: jina la Mihayo
nimeliona asubuhi kwenye daftari la Faraj.
Upande wa mchele, sabuni, mafuta ya taa,
na mstari mmoja wa sanda, umekatwa, umelipwa.
Upande wa mtaji halimo.
Halikuwamo la babu, halimo lake.
Nilitamani kurudi nikaulize kwa nini,
lakini hilo si swali langu, mie karani tu,
na jua lilikuwa limeshapanda.

Kaya ya mwisho, Bopwe.
"Jina?"
"Kalunde binti Awadh."
Nikainua uso. Akanitazama kama mtu
aliyezoea kutazamwa mara mbili.
"Kabila?"
"Mama alipalilia shamba la baba
kabla hajaolewa na baada ya kuolewa.
Andika yote mawili."
Nikabonyeza yote mawili.
Kikawaka chekundu: *chagua moja*.

"Basi njoo uone," akasema.
"Ukuta huu wa mawe wa baba. Banda lile la makuti la mama.
Mvua ikinyesha napika kwa baba,
joto likizidi nalala kwa mama.
Walipokufa, waliokuja kuchimba kaburi la mama
walikuwa wengi kuliko waliokuja la baba,
na waliokuja la baba walikuja na gari.
Hilo nalo mnalipima?"

Nikashuka mpaka chini kabisa ya orodha,
penye namba ya wasiojulikana:
tisini na tisa, *hajui*.
Nikabonyeza haraka, kama mtu anayefuta kamasi.

Akanifungia mabungo matatu kwa jani la mgomba,
akanisindikiza hadi uchochoroni.
"Ushanijaza?"
"Nishakujaza, bibi."
"Umeniweka upande gani?"

Nikamwambia betri imekufa.