Ngozi ya Taa

Aliileta Kalunde imeviringwa kipande cha kanga,
akaiweka mezani kwangu, kati ya mikasi ya mafundi cherehani
na visu vya wauza nyama.
"Ninolee," akasema. "Asali ya Ipole imeiva,
na kisu cha baba kimekuwa butu kama ulimi wa mgonjwa."

Mimi mnoa visu wa Isevya, mwaka wa ishirini na sita huu,
jiwe langu nalikanyaga kama baiskeli isiyokwenda.
Nikaipangusa nta, tabaka juu ya tabaka.
Hakikuwa kisu.
Ilikuwa sime, imepinda kidogo,
na kando ya makali ukungu mweupe unapanda na kushuka
mithili ya maji yaliyokatazwa kumwagika.
Mpini kamba za hariri, zimeoza,
na chini ya kamba vijipele vigumu, punje za mtama.

"Ngozi ya taa," alisema Mwalimu Hayashi,
yule kijana anayefundisha hesabu sekondari.
Nikatazama juu, kwenye balbu.
Kumbe samaki. Samaki wa bahari
ambayo mimi na Kalunde hatujaikanyaga.

Mihambo aliivuka, hiyo bahari. Askari wa Keya,
akapelekwa Bama, kwenye matope ya bonde la Kabau
ambako nyumbu wa mizigo walizama wamesimama.
Akarudi Tabora kwa treni, na sime ndani ya blanketi.
Aliipataje?
Kwa mkewe alisema alibadilishana na sigara.
Kwa padri alisema aliiokota.
Kwa nyuki hakusema kitu,
na nyuki ndio aliokaa nao zaidi.

Tukagonga kijiti cha mwanzi, mpini ukavuka.
Chuma cha ndani cheusi, kina matundu mawili,
na herufi zimechongwa kwa patasi.
Hayashi akainama, akawa kama anasoma barua ya msiba.
"Mkazi wa Bizeni," akasema.
Kisha chuma kikaisha.

Hapo ndipo alipotueleza, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu vidole:
kwamba ilizaliwa ndefu, upanga wa mpanda farasi;
kwamba mhunzi alikunja chuma, akakikunja tena,
akakipaka udongo mgongoni kabla ya kukizamisha majini,
ili mgongo uvumilie na makali yasisamehe;
kwamba karne zilipita, vita vikawa vya nyumbani na vya vyumba vifupi,
mtu akaikata kutoka chini,
na jina la mhunzi likaenda na kipande.
Baadaye ilivaliwa na mfanyabiashara, maana ndefu alikatazwa.
Baadaye serikali ikakataza zote.
Baadaye mtoto wa mtu akapewa na babu yake,
akaichomeka kiunoni, akapanda meli ya jeshi.

Akanyamaza hapo. Kalunde naye.
Nje mtu alikuwa anauza karanga.

"Usiinoe," Hayashi akaniambia. "Jiwe lako litakula ule ukungu.
Wapo watu watalipa pesa nyingi."
Kalunde akacheka, si kwa furaha.
"Baba kwenye daftari la Keya waliandika nusu ya jina.
Wakaongeza 'wa Unyanyembe', basi.
Miaka sabini hii kazi yake masega.
Nani kati yenu anaijua kuliko nyuki?"

Sikuiweka kwenye jiwe la mguu.
Nilikaa nayo usiku kucha, na maji, na kijiwe cha mkononi,
kidogo, kidogo, upande wa ncha tu,
pale panapogusa sega.

Kile kijiti cha mwanzi kilikuwa kimepasuka.
Nikachonga kingine, cha mkurungu,
chekundu, nikakigonga mahali pake.
Ipo siku, sijui lini, sijui nchi gani,
mtu atakitoa kwa nyundo ndogo,
ataisoma Bizeni kama kawaida,
halafu atakiinua kwenye mwanga
na kuuliza mti huu ni wa wapi.