Unavuta Kushoto

Saa nne usiku, Januari, Trollhättan,
nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
na Tord anafurahi kama mtu aliyelipwa deni la zamani.
Hewa ya baridi ni nzito, anasema,
imeshindiliwa kama pamba guniani,
leo tabo itakula ishibe.

Miaka ishirini na miwili alifunga milango ya Saab,
wa mbele tu, wa kushoto tu.
Kiwanda kilipofungwa alirudi na kikombe chake,
jozi ya glavu,
na gari hili, ambalo mlango wake wa dereva,
anaapa, ni kazi ya mkono wake.

Ilianza na ekzosi. Bomba la inchi tatu,
na jirani yetu Ragnvald akaacha kutusalimu.
Kisha nozeli kubwa zaidi, maana ethanoli
hainywewi kwa kijiko.
Kisha kipoza hewa kipana kama trei ya kuokea;
trei yangu ya kuokea nayo ikatoweka,
nikaikuta chini ya injini, inakinga oili.

Sasa ana kompyuta mapajani,
na masikioni ana waya uliofungwa kwenye bloku:
anasikiliza kama ndani ya silinda kuna kugonga,
kule kugonga kudogo, kukavu, kunakotangulia msiba.
Anafumba macho. Anashika pumzi.
Mimi husikiliza vifua vya wagonjwa hivyo hivyo,
wodi ya nne, zamu ya usiku.
Tabo, taabu, namwambia:
ulimi ukiteleza kidogo umeshafika.
Hanisikii.

Akanipeleka kazini ili aijaribu.
Giya ya pili, nje ya mji, theluji kingoni.
Kwanza kimya, kitu kinavuta pumzi ndefu.
Halafu mgongo wangu ukaingia kitini
na usukani ukamponyoka Tord,
kushoto,
kushoto kulikokuwa na taa za lori la magogo.

Alilirudisha. Hatukusema kitu.
Taa ndogo ya njano kwenye dashibodi ilipepesa
kama jicho la mtu anayejizuia kulia.

Magurudumu mawili ya mbele, niliwaza,
ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayoonyesha njia,
na breki ikikanyagwa ndiyo yanayoumia kwanza.
Ya nyuma yanafuata tu, kama wageni wa harusi.
Mshika mawili moja humponyoka.
Na mshika matatu?
Kodi ya nyumba nimelipa mimi. Hesabu za Malte, mimi.
Mama yake Tord, dawa zake, kucha zake, mimi.
Na kila mwaka kuna anayeongeza shinikizo kidogo
aone kama nitateleza.

Sikuyasema hayo.
Nilisema: Tord, ni bushi za mkono wa chini.
Za kushoto. Zimechoka.

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko bushi inavyostahili.

Wiki nzima alikuwa chini ya gari.
Bushi mpya, ngumu, nyeusi kama peremende ya chumvi.
Giya ya kwanza na ya pili alizipunguzia shinikizo:
farasi arobaini, alisema, nimewaacha zizini.
Alisema kama mtu anayetoa sadaka
na angependa ionekane.
Trei yangu ikarudi jikoni, imesuguliwa,
ingawa biskuti za Jumatano zilinuka gereji
na Malte akala saba.

Jumamosi akanitupia ufunguo.
Nikavuta mlango wa kushoto, ukafunga ndi,
naye, upande wa abiria, akatabasamu kwa sauti ile tu,
hata kabla injini haijawaka.

Giya ya tatu. Barabara tupu, lami kavu.
Misonobari ikawa ukuta mmoja.
Nilishika usukani kwa vidole viwili, ukatulia,
nami nikakanyaga mpaka zulia.

Punguza, akasema Tord. Punguza.
Sikumsikia.