Kiwimbi Juu ya U

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya ndoo na mafagio,
orofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la springi za malori.
Nyundo zikianza saa mbili asubuhi
hata kebo hutikisika.

Humo imo mashine moja isiyo na kiwambo.
Haioni kitu. Kazi yake kugawa maumbo.
Viwambo tisa vya ofisi, vikuukuu, havina diski,
kila kimoja kikiamka huja kubisha
mlango namba elfu saba na mia moja:
hodi, nipe A; nipe a ndogo, nene, ya pointi kumi na mbili.
Nayo hutoa. Haiulizi ya nani.

Kibowen wa hesabu ndiye huuliza.
Kila mwisho wa mwezi, bili ya stima mkononi:
"Hii ya stoo inatuingizia nini?"
Herufi, namwambia.
"Herufi si zimo kwenye kibodi?"

Jumatatu moja ya Julai, baridi ya makoti mawili,
Nyagũthiĩ mhariri aliniita mezani kwake.
Alikuwa akipanga kitabu cha kusomea cha watoto wa Mũrang'a
na kila palipotakiwa ũ palikaa kisanduku,
kitupu, kingo nne,
dirisha la nyumba iliyohamwa.
"Tazama jina langu," akasema.

Nyag▯thi▯.

Hakucheka.
Kwenye kitambulisho wamemwandika bila viwimbi,
cheti cha shule bila viwimbi,
benki wakamwongezea e ambayo hajui ilitoka wapi.
"Hapa," akasema, "nilidhani niko nyumbani."

Nikarudi stooni.
Fonti yenye viwimbi nilikuwa nayo tangu Machi,
ndani ya saraka ambayo hakuna aliyeitaja.
Na faili lisilotajwa ni mwalikwa ambaye jina halimo daftarini:
ameoga, amevaa, amesimama nje ya lango la harusi.
Nikaandaa orodha. Mstari wa kwanza, idadi: hamsini na mbili.
Kisha majina yao, yale marefu yenye vistari kumi na vinne.
Nikafungua usanidi, nikashuka hadi katalogi,
nikaongeza njia mpya mwishoni,
nikaweka mkato kwa mazoea,
kama mtu ambaye bado ana neno.

Nikaiwasha upya.
Kimya.
Viwambo tisa vikaganda. Chumba cha pili
nikasikia "Ala!" ya Kibowen, na viti vikisukumwa.

Saa nzima nilishtaki kebo, nikashtaki swichi,
nikaishtaki stima iliyopotea alfajiri.
Mwisho nikampigia Shikuku, aliyenifunza kazi hii
na sasa anafuga kuku Kiminini.
Nyuma yake majogoo. Akauliza neno moja:
"Mkato?"

Mkato.
Mashine ilikuwa imeusoma, ikatazamia njia nyingine,
ikakuta ukurasa mweupe, ikakataa kuamka.
Nikaufuta. Kitufe kimoja, na ofisi ikapumua.
Lakini visanduku vilikuwa palepale!
Maana katika katalogi anayetajwa kwanza ndiye anayesikizwa,
na fonti kongwe, ile isiyojua viwimbi,
ilikuwa imekaa mbele ikiwajibia wote.
Nikaihamisha mpya ikawa juu. Nikaiambia seva isome tena.

Nyagũthiĩ hakusema asante.
Aliandika jina lake, akaliacha likae.
Akaandika Wanjikũ. Akaandika Gathĩrĩ,
na mengine sikuyajua, polepole,
kidole kikingoja kila kiwimbi kitue juu ya herufi yake
ndipo kiguse nyingine.

Ile karatasi ya majaribio, yenye visanduku,
aliikunja mara nne akaitia mkobani.
Sikuuliza ya nini.

Kibowen atakuja tarehe thelathini na bili yake.
Kesho nitabeba kitambaa:
vumbi la springi limeanza kuingia kwenye feni.