Mengineyo

Brno, Februari. Theluji imelala juu ya nyaya za tramu,
nami nimeketi nyuma ya bega la Bi Vlasta
katika chumba kinachonuka karatasi na majani makavu.
Nimeagizwa nisiseme neno.

Anataka kuchapa lebo moja.
Ua la samawati, lililochumwa mwaka wa hamsini na nane,
jina la Kilatini, jina la mchumaji, basi.

Anafungua Faili. Hapana.
Hariri. Hapana.
Zana: orodha inashuka kama ngazi ya kisima,
vipengee thelathini na kimoja, navihesabu mimi niliyeviandika,
na chini kabisa Mengineyo,
ambamo mna Zaidi,
ambamo mna Chaguo za Ziada,
na mshale ukiteleza kidogo tu pembeni
vyote vinafumba,
naye anaanza upya, bila kulalamika.

Ni kule kutolalamika kulikonichoma.

Mengineyo! Naukumbuka usiku ule:
toleo litoke asubuhi, kahawa imepoa,
kila nilichokikosea pahali nikakitupia humo
kama mtu afagiaye taka chini ya mkeka
akisikia hodi.
Futa nikaikalisha ubavuni mwa Hifadhi,
mwenye kiberiti kando ya mwenye paa la nyasi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi ndiye seremala. Silali hapo.

Kwenye ukingo wa skrini pana kikaratasi cha manjano,
kwa penseli: Zana, chini, chini, Mengineyo. Ya pili USIGUSE.
Mstari mmoja.
Mwongozo wangu una kurasa mia nne.

Nilirudi Aprili, viatu vikiwa na tope badala ya theluji.
Chapa Lebo iko juu sasa, kwa jina lake lenyewe.
Futa imevushwa ng'ambo ya mstari, nayo hubisha hodi kwanza.
Mengineyo nimeivunja: kila kitu kimerudishwa kwao,
isipokuwa vinane ambavyo hakuna aliyevikumbuka,
hata mimi.

Bi Vlasta akabofya mara moja.
Printa ikakohoa, lebo ikatoka,
akaipaka gundi, akaibandika chini ya shina, akavuta ua jingine.
Hakusifu. Nilikuwa nimejiandaa kusifiwa.

Nikanyoosha mkono kukibandua kile kikaratasi.
"Kiache," akasema, macho hayakuinuka.
"Hiki hakijawahi kuniletea toleo jipya."